Waraka wa Hita kwa Mjomba wa Ngamiani

Minneapolis, Minnesota
Mwezi wa Januari

Kwa mpendwa Mjomba, fundi wa magari wa Ngamiani, Tanga, pamoja na jamaa wote wa barazani watakaosomewa waraka huu.

Shikamoo Mjomba. Baada ya salamu na taadhima zikupasazo, nakuarifu kuwa mimi ni mzima wa siha, alhamdulillahi, isipokuwa vidole vya miguu, ambavyo tangu theluji ianze kuanguka sina habari navyo za uhakika. Ama madhumuni ya waraka huu ni kukueleza kwa utaratibu mas'ala ya hita ya gari langu, ambayo tuliyazungumza kwa simu tusielewane, wewe ukidhani kuwa mtoto wa dada yako amedeka kwa kukaa ughaibuni, nami nikidhani kuwa mtandao wa huko umekatika kila nilipofika penye maneno ya maana. Barua haikatiki. Kwa hiyo namwomba anayeisoma asiruke mstari, na walio na haraka ya kahawa wastahimili.

Kwanza nikupe sura ya mahali. Mji huu umekaa kandokando ya mto Mississippi, ukipakana na pacha wake uitwao St. Paul, katika jimbo ambalo wenyeji wake hujisifia baridi, nao wana haki ya kujisifia. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha mji kilishuka mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri, na kaskazini mwa jimbo, mahali paitwapo Tower, kilifika nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996, jambo ambalo mtu mzima wa huku atakusimulia bila ya kuulizwa. Nasema nyuzi za selisiasi tulizozizoea sisi. Wao wana nyuzi zao za farenhaiti, ambazo humhangaisha mgeni mpaka baridi ifike 40 chini ya sifuri, ambapo vipimo vyote viwili hupatana vikatoa kauli moja, nadhani kwa sababu katika dhiki ya namna hiyo hakuna aliye na hamu ya kubishana. Katikati ya mji wamejenga, tangu mwaka 1962, madaraja yaliyofunikwa kwa vioo, yanayounganisha jengo na jengo, hata mtu aweza kutoka benki akaenda kula, kisha akaenda dukani, asikanyage nje. Walakini madaraja hayo hayafiki nilikopanga mimi wala hayafiki kazini kwangu, na kwa hiyo gari kwangu ni lazima, na hita ni lazima kuliko gari, seuze kwa mtu aliyezaliwa mahali ambapo upepo wa kusi wa mwezi wa Julai ndio uitwao baridi na watu huutolea makoti sandukuni.

Wala usidhani kuwa hita huku ni ya kustarehesha miguu tu. Abiria wakiwa ndani ya gari lisilo na moto, pumzi zao huruka zikagandia kioo cha mbele kwa upande wa ndani, na dereva asipokuwa na hewa ya moto ya kukipulizia huwa anaendesha nyuma ya pazia. Kwa muda mrefu nilishika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nilikwangua kioo kwa kadi yangu ya maktaba, nikijipatia kitundu cha kuonea dunia, kikajifunga, nikakifungua tena.

Nami siendeshi peke yangu. Kazi yetu ni zamu ya alfajiri katika jiko la nyumba moja ya kutunzia wazee, na njiani huwapakia jamaa watatu wasio na magari. Yuko bwana mmoja wa makamo, mtu wa Unguja, tumwitaye Mzee kwa heshima, ambaye hukaa mbele kwa haki ya umri. Yuko mama mmoja wa Bujumbura, ambaye husali kimya tangu anapoingia mpaka anaposhuka, na kwa jinsi gari linavyoteleza kwenye barafu hakuna awezaye kumlaumu. Tena yuko kijana wa Goma, aliyepata kuwa utingo wa lori, na kwa sababu hiyo anajihesabu katika jamii ya wahandisi. Sote wanne twasema Kiswahili, kila mmoja chake, na hatukupata kukosa kuelewana ila katika siku zile za hita.

Maradhi yenyewe yalikuwa hivi. Ukiwasha feni, ilivuma kwa nguvu zake zote, ikapuliza juu, ikapuliza chini, ikapuliza kiooni, kwa utiifu usio na dosari. Lakini kilichotoka kilikuwa ni baridi ileile ya nje, iliyochukuliwa, ikachujwa vumbi, ikaletwa kwetu kwa kasi zaidi. Kijana wa Goma alisema kwamba feni iko nzuri sana. Mzee alimjibu kwamba uzuri wa feni ndio unaomuua.

Hapa niwaeleze jamaa wa barazani, maana wewe Mjomba wajua, namna hita inavyofanya kazi. Injini ichomapo petroli, theluthi tu ya nguvu za moto ule, na aghalabu hata theluthi haitimii, ndiyo iendayo kuzungusha magurudumu. Iliyosalia huwa ni joto tupu, ambalo fungu moja hutoka kwa eksozi na fungu jingine huchukuliwa na maji yanayozunguka ndani ya injini, yakapelekwa kwenye rejeta, upepo ukayapoza, yakarudi kuchukua jingine. Hita si kingine ila ni rejeta ya pili, ndogo, yenye kutoshea katika kapu la sokoni, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Mipira miwili huiunganisha na injini, mmoja ukileta maji ya moto na mwingine ukiyarejesha, na feni hupitisha hewa katikati ya vijibomba vyake, hewa ikawafikia abiria imepata moto. Yaani joto ambalo gari lilikuwa linakwenda kulitupa, hita huliokota. Hakuna kuni, hakuna makaa, hakuna gharama ya ziada. Ni hikima ya bahili, nami kwa hali ya mfuko wangu naistahi sana.

Wala si hikima ya jana. Mwaka 1893 mwanamke mmoja wa Chicago, Margaret Wilcox, alipewa hataza ya chombo cha kupashia joto mabehewa ya abiria. Magari ya mwanzo yalikuwa wazi, na matajiri waliyapanda wamejifunika ngozi za wanyama, na miguuni wameweka matofali yaliyopashwa moto, fahari yote ikiishia kwenye nyayo. Kisha mwaka 1938 kampuni ya Nash, ya huku huku Marekani, ikasifika kwa kuvuta hewa safi ya nje, kuichuja, na kuipitisha kwenye ile rejeta ndogo kabla haijawafikia abiria, na mpaka leo magari karibu yote hufanya hivyo. Volkswagen zile za zamani, ulizozitengeneza ujanani, ndizo zilizokuwa na njia yao, maana hazikuwa na maji kabisa, zikaazima joto la eksozi. Hayo nimeyasoma maktabani, mahali nilipokuwa nikienda kwa ajili ya elimu na, nisikufiche, kwa ajili ya kukaa penye moto wa bure.

Huko kwetu, Mjomba, hita nimeiona ikitumiwa mahali pamoja tu, nawe ndiwe uliyekuwa dereva. Ni katika ile barabara ipandayo kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto, pale mshale wa geji ya joto ulipoanza kupanda kwenye kona, nawe ukaamuru vioo vyote vishushwe na hita iwashwe mpaka mwisho, saa saba za mchana, abiria tumebanana, ili rejeta ndogo isaidie rejeta kubwa kuutoa moto wa injini. Mkazamjomba alishuka Soni akaapa kwamba safari iliyobaki ataimaliza kwa miguu. Siku ile nilidhani kuwa wazungu waliweka hita ndani ya magari kwa ajili ya kuadhibu.

Basi turudi kwenye mgonjwa wetu. Kijana wa Goma ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa hukumu, akasema kwamba maji yamepungua, au hewa imenaswa ndani ya mipira. Neno lake halikuwa la kupuuzwa, kwa kuwa hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutazamwa, na dalili zake ni bayana: hita hupoa gari lisimamapo penye taa, na hupata moto ukikanyaga mafuta, kwa sababu pampu huongeza kasi na kuyasukuma maji machache yaliyopo, tena nyuma ya dashibodi husikika maji yakigugumia. Tulifungua kifuniko cha rejeta, jambo ambalo wewe ulitufundisha tusilithubutu injini ikiwa ya moto, kwa kuwa maji hayo yamebanwa na yatamrukia mtu usoni. Ila katika gari hili tahadhari ilikuwa ni ya ada tu, maana moto haukupata kuwako. Maji yalijaa mpaka shingoni. Fauka ya hayo, gari letu lilikwenda kinyume cha maelezo: likisimama kwenye foleni, tulipata uvuguvugu kidogo wa kututia tamaa, nalo likiingia barabara kuu na kushika kasi, uvuguvugu ule ukatoweka, tukasafiri kwa mvuke wa vinywa vyetu.

Nimesema maji, lakini huku hakuna atiaye maji matupu, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka, na yakitanuka hupasua bloku ya injini usiku mmoja. Hutiwa nusu maji na nusu dawa ya glaikoli, mchanganyiko ambao hustahimili mpaka nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Mzee, ambaye ni mtu mkarimu, alishauri tutie dawa yote bila maji, akisema nusu kwa nusu ni mambo ya wachuuzi wa maziwa. Nikamwonyesha maandishi ya chuoni kwamba dawa hiyo ikiwa peke yake huganda mapema zaidi, kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, na kwamba ni maji ndiyo yanayoipa dawa nguvu, nayo dawa ikayapa maji nguvu. Aliyatazama maandishi yale muda mrefu, kisha akasema kwamba aliyeyaandika pengine naye huuza maziwa. Dawa yenyewe ni sumu yenye ladha tamu, na mbwa au paka akiilamba iliyomwagika huweza kufa, kwa hiyo tulikuwa tukipangusa sakafu kwa bidii kuliko tunavyopangusa jiko la kazini.

Hukumu ya pili ilikuwa ni ya Mzee mwenyewe: kwamba mshipa umeziba, yaani kutu na uchafu umejaa ndani ya ile rejeta ndogo. Hili nalo hutokea, na kulijua hakuhitaji chombo wala cheti. Injini ikiisha kuzunguka kwa muda, fungua boneti, shika ile mipira miwili iendayo ukutani. Ukikuta mmoja wa moto na mwingine wa baridi, maji yameingia hayakupita, basi hita imeziba, na hapo hufunguliwa mipira ikasukumwa maji kwa nyuma mpaka kutu itoke. Sisi tuliishika tukaikuta yote miwili ina joto moja la chai iliyosahauliwa. Maji yalikuwa yakipita bila kizuizi. Ila hayakuwa na kitu cha kutuletea.

Katika kipindi hicho nililipeleka gari kwenye gereji moja, ambayo sitaitaja, nikapokewa na kijana mwenye tabasamu na kanzu ya kazi isiyo na doa, jambo lililonitia shaka mara moja. Bila kugusa mipira alinieleza kwamba hita yote ibadilishwe, na kwamba ili kuifikia itapasa kung'oa dashibodi nzima, na ili kuing'oa dashibodi itapasa kushusha usukani, na kwamba saa za kazi huhesabiwa kuanzia spana ya kwanza. Jumla aliyoniandikia ilizidi thamani ya gari. Nilimuuliza kama kwa fedha hizo gari jingine halingekuja na hita yake, akacheka sana, asijue kwamba lilikuwa ni swali.

Aliyetuonea huruma ni jirani yangu, mzee mmoja ambaye babu zake walitoka Norway, na ambaye kwa desturi ya wenyeji wa hapa hasemi jambo kwa ukubwa wake. Nyuzi 30 chini ya sifuri yeye huziita ubaridi wa kutosha. Nyumba ya jirani ilipoezuliwa paa na dhoruba alisema kwamba upepo ulikuwapo. Aliniona nikikwangua kioo kwa ndani, akasimama, akafikiri, akasema, "Hiyo haifai sana." Kisha akaniletea kipande cha kadibodi akakisimamisha mbele ya rejeta, akaacha nafasi kidogo chini, akanieleza kwamba madereva wa malori ya kaskazini huziba nyuso za magari yao kwa turubai msimu huu, ili upepo usiipoze injini kupita kiasi. Mjomba, nusura nimshike mkono. Mimi nimelelewa gerejini kwako, ambako mtoto aliyeacha hata tambara mbele ya rejeta alichapwa. Na leo mtu mzima, mwenye akili timamu, ananifundisha kuiziba kwa makusudi. Nami naapa kwamba siku ile tulipata joto la kukunjua vidole.

Kadibodi ile ilitufungua macho, au tuseme ilimfungua kinywa mama wa Bujumbura, ambaye kwa muda wote huo hakuwa ametoa rai. Aliinamia mbele kutoka kiti cha nyuma, katikati ya dua moja na nyingine, akauliza kwa upole, "Mwanangu, ule mshale, mbona siku zote unalala chini?" Tukatazama. Mshale wa geji ya joto, ambao ungepaswa kupanda mpaka kati baada ya dakika chache za mwendo, ulikuwa umelala chini kabisa, kwenye herufi ya baridi. Hapakuwa na mmoja wetu aliyeutilia shaka. Kijana wa Goma katika maisha yake ya lori alifundishwa kuogopa mshale uendao juu. Mzee hali kadhalika. Nami nimeshakuambia nilikolelewa.

Usiku ule ndipo nilipokupigia simu, na mazungumzo yetu nayakumbuka neno kwa neno. Uliniuliza mshale unakaa wapi. Nikakwambia, chini. Ukauliza, hata ukienda mwendo mrefu? Nikakwambia, hata nikienda mwendo mrefu. Ukacheka kicheko cha furaha, ukawaita jamaa waje wasikie, ukasema kwamba katika umri wako wote hukupata kusikia injini yenye siha ya namna hiyo, na kwamba nisiiuze kwa mtu yeyote. Nilipolalamika kuwa tunakufa kwa baridi ukafikiri kidogo, kisha ukanipa dawa uliyowapa wateja wako wote tangu nilipokuwa mtoto: "Toa thamostati."

Wenzangu wa barazani, thamostati ni kijidude cha shaba, chenye nta ndani yake, kinachokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta, nacho ni bawabu. Injini ikiwa baridi, bawabu hufunga mlango, maji yakazunguka injini peke yake yakipata moto upesi. Yakifika nyuzi 82, au 90 kwa magari mengine, nta huyeyuka ikatanuka, ikausukuma mlango, maji yakapata ruhusa ya kwenda kupozwa. Akikwama mlango ukiwa wazi, au akiwa hayupo kabisa, maji hukimbilia kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na katika nchi hii rejeta haiyapozi, huyagandisha.

Wewe Mjomba humpendi bawabu huyu, nami kwa insafu sikukosoi kijinga. Nayajua maji ya visima yenye chumvi ambayo wateja wako walitia katika rejeta zao, naijua kutu iliyotoka humo, na najua kwamba thamostati ikikwama imefungwa katika jua la Tanga, injini huchemka kabla mtu hajafika Muheza, na abiria wakamlaani fundi. Ukaona kheri uitoe kabisa. Ni kweli kwamba injini isiyofikia moto wake hula petroli zaidi na huchafua oili mapema. Lakini petroli ni ya mwenye gari, na lawama ya kuchemka ni ya fundi, kwa hiyo hesabu yako ilikuwa sawasawa. Lile kopo la maziwa ya unga chini ya meza yako, lililojaa thamostati za nusu ya magari ya Ngamiani, nilikuwa nikilichezea utotoni nikidhani ni hazina.

Nilipokata simu nilikaa nikiitafakari kauli yako, nikaona kwamba umesema kweli kwa kinyume: kama kuitoa ndiyo dawa ya joto, basi maradhi yetu ya ubaridi yamkini yalikuwa hapo hapo. Siku ya mapumziko jirani alitupa nafasi katika banda lake la gari, lenye tanuri la gesi, tukakusanyika wote. Tulikinga beseni, tukamwaga maji kiasi, tukafungua bolti mbili za kile kifuniko ambapo mpira mkubwa unaungana na injini. Nilitaraji kumkuta bawabu amekwama mdomo wazi. Gasketi ilikuwa njema, nyuso zimesuguliwa, sealanti imepakwa kwa mkono wa mtu ajuaye kazi. Na ndani hamkuwa na kitu. Niliangaza tochi. Niliingiza kidole, nikakizungusha.

"Kuna nini?" akauliza Mzee.

"Hamna kitu."

"Naam, lakini kuna nini?"

Yalichukua muda. Kijana wa Goma ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kilipokwisha aliuliza gari hili nililinunua kwa nani. Nililinunua, Mjomba, kwa bwana mmoja wa Mombasa, mtu mwaminifu, aliyelileta kutoka Houston katika jimbo la Texas, ambako kiangazi ni jua na unyevu mithili ya mwambao wetu. Nikampigia simu palepale. Hakukana, wala hakuona haya. Alifurahi kwamba nimetambua. Alisema kwamba aliitoa kwa mkono wake mwaka ule aliolinunua gari, kwa maarifa aliyoyapata gerejini Mombasa, na kwamba hakuniongezea bei kwa ajili ya kazi hiyo kwa kuwa sisi ni ndugu.

Thamostati mpya iliuzwa kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Tukaiweka, tukafunga, tukatia maji na dawa nusu kwa nusu, tukalipandisha gari pua juu kwenye kilima cha jirani ili hewa iliyonaswa ipande ikatokee mdomoni mwa rejeta, tukawasha injini ingali baridi, kifuniko wazi, hita imefunguliwa mpaka mwisho, tukikamua mipira kwa mikono na kutazama mapovu. Yalitoka mapovu makubwa, kisha madogo, kisha hayakutoka. Tukafunga kifuniko, tukaingia garini, tukangoja. Mama wa Bujumbura ndiye aliyeutangaza mwendo wa mshale, akitusomea kila ulipopanda. Ulipofika kati ukasimama, na kutoka katika vitundu vya dashibodi ikaja hewa ambayo sikuihisi tangu niondoke Tanga. Mzee alivua glovu moja, akaihakikishia dunia, akavua ya pili. Jirani aliyekuwa dirishani alipoulizwa aonaje alisema, "Si mbaya," na kwa lugha ya jimbo hili hiyo ni qasida.

Nisikudanganye kwamba tangu hapo ni amani. Mzee hutaka hita iwe ya Lushoto, mpaka mwisho, na vioo vimefungwa. Kijana wa Goma, ambaye mji wake uko juu kando ya ziwa na hewa yake ni ya ubaridi, huvua koti, akavua sweta, kisha akafungua kioo, na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ikaingia pale nyuma. Wakashindana hivyo mpaka kazini, mmoja akisema kwamba mwenzake anamtia homa na mwingine akisema kwamba mwenzake anampika. Fauka ya hayo, majuzi feni imeanza kukataa mwendo mdogo, nayo huenda kwa mwendo wa mwisho tu. Hiyo ni rezista imeungua, maana mwendo mdogo hupitia rezista ili umeme upunguzwe, na mwendo wa mwisho hauipitii. Ni kitu kidogo, nimekiagiza. Ila kwa sasa twasafiri katika kishindo, mama wa Bujumbura amelazimika kusali kwa sauti, na sote tumejua anawaombea nani na kwa makosa gani, nami nimo.

Ama lile neno lako la mwisho, Mjomba, kwamba utanitumia lile kopo zima la thamostati kwa mtu ajaye, nakushukuru kwa moyo wako, lakini nakusihi usilitume. Mtu wa forodha akilifungua hatafahamu, nami nikimfahamisha itazidi kuwa vigumu. Bora mtu wa kwanza atakayepita gerejini kwako akiwa safarini kuhamia Nairobi au Arusha, umrudishie moja, naye asafiri nayo mfukoni. Fedha kidogo nimetuma kwa njia ya simu. Fungu ni la Mama, fungu ni la Mkazamjomba, na lililobaki ununue kahawa ya baraza, kwa kuwa najua mmekunywa nyingi mkinicheka.

Jamaa wa garini wote wanakusalimu. Mama wa Bujumbura anakuombea, na sasa twajua ni kweli, kwa kuwa twasikia. Kijana wa Goma anauliza kama una nafasi ya utingo. Mzee wa Unguja pekee ndiye hajakusalimu. Amesema kwamba ana shemeji yake Tanga mwenye teksi, kwamba teksi hiyo ilipata kuingia gerejini kwako, na kwamba salamu zake atazitoa utakapomjulisha kwa maandishi ilitoka na nini ndani yake.

Wasalaam,
Mpwa wako wa Minnesota